Chanjo ya Mtu Mmoja

Daktari Aukje Terpstra alisoma barua za hospitali kuanzia chini. Alikuwa na miaka ishirini na tisa ya udaktari wa kijiji, na miaka yote hiyo barua zilimmiminikia kumi, kumi na tano kwa siku, kila mtaalamu akitaka ajulikane kwamba amesoma. Neno lenyewe hukaa kwenye aya ya mwisho: mgonjwa arudi lini, apewe nini, aachishwe nini. Kwa hiyo mwezi wa Februari, ilipofika barua ya kurasa nne kuhusu mdogo wake Harmen, aliisoma kama alivyozisoma nyingine. Akaona kwamba chanjo ingekuwa tayari katikati ya Aprili, na kwamba dozi ya kwanza ingetolewa Alhamisi ya tarehe kumi na nane. Akashusha pumzi, akaifunga. Ukurasa wa tatu hakuusoma, na mambo yote yalikuwa kwenye ukurasa wa tatu.

Harmen alikuwa mfugaji kama baba yao na babu yao, mwenye ng'ombe tisini wa maziwa kwenye ardhi tambarare nyuma ya tuta la bahari. Saratani yake ilianza na alama nyeusi begani, kitu cha kupuuzwa, na aliipuuza kweli, maana ng'ombe hawakamuliwi na mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali. Alama ikakatwa. Ugonjwa ukarudi kwenye mapafu, kisha kwenye ini. Wakamtundikia dripu za kuamsha kinga ya mwili, na kwa miezi minane zikafanya kazi vizuri hadi watu wakaanza kusahau kwamba anaumwa. Kisha zikaacha. Hapo ndipo hospitali kubwa ya mjini ilipomwingiza kwenye utafiti wake. Walimkata kipande cha uvimbe, wakakipeleka maabara, wakasoma ndani yake makosa yote yanayoufanya uvimbe ule utofautiane na nyama nzima ya Harmen, na kutokana na makosa hayo wakaanza kumtengenezea chanjo. Haikuwa chanjo ya kuzuia, ilikuwa ya kutibu. Zilikuwa wiki tisa za kazi kwa ajili ya mtu mmoja, na dawa ambayo haingemfaa mwingine yeyote duniani.

"Ni kama kumnusisha mbwa soksi ya mwizi," Harmen alimweleza kila aliyemuuliza, na waliomuuliza walikuwa wengi. "Mbwa ninaye. Shida yake alikuwa hajui amfukuze nani."

Ijumaa kabla ya Alhamisi hiyo, Renske, mkewe Harmen, alimpigia Aukje simu zahanati.

"Wifi, Harmen hali chakula tena. Tangu Jumanne ni chai na biskuti moja. Amelala kwenye kochi anaangalia dari. Na Jumapili ndiyo siku ya ng'ombe."

"Ahirisheni siku ya ng'ombe."

"Mwambie wewe. Mimi nimeshatukanwa asubuhi, inanitosha."

Majira yote ya baridi ng'ombe hukaa bandani, na siku wanapofunguliwa kwenda malishoni kwa mara ya kwanza hurukaruka kama watoto waliotoka shule, vikongwe kwa mitamba, viwele vikiyumba huku na huku. Kijiji kizima huja na kahawa yake kuwatazama. Tangu ana miaka kumi na minne Harmen ndiye aliyefungua lango, na hakuna mwaka alioukosa. Mwaka wa mguu uliovunjika alilifungua akiwa na magongo.

Zahanati ya Aukje ilikuwa na dawa zake yenyewe, kwa sababu duka la dawa la karibu lilikuwa mbali na vijiji vile. Zilikaa kwenye chumba kimoja chenye dirisha, chini ya mikono ya Geeske, msaidizi wake wa miaka mingi. Hakuna kidonge kilichotoka pale bila kuandikwa kwenye kompyuta, hata cha kichwa. Sheria hiyo aliiweka Aukje mwenyewe, na aliwahi kumfokea daktari wa zamu aliyeivunja. Lakini Ijumaa ile Geeske alikuwa dirishani akimwelekeza mzee mmoja namna ya kutia dawa ya masikio, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na Aukje hakutaka kumkatiza. Isitoshe, ndani ya mkoba wake wa kutembelea wagonjwa mlikuwa na karatasi ya vidonge vya deksamethasone. Na huyu alikuwa mdogo wake, si mtu wa foleni.

Vidonge vile alivipenda. Aliwapa wengi kwa miaka mingi, wenye saratani waliofika mahali pa kuikataa sahani na kugeuzia uso ukutani. Siku ya kwanza hawasemi kitu, ya pili wanauliza kuna nini jikoni, ya tatu wanataka mayai na wanasimulia vituko vya jeshini. Kati ya dawa zote alizowahi kutoa, hizo ndizo zilizomrudishia shukrani upesi. Akapanda baiskeli, akaenda.

"Umekuja kunipima jeneza?" Harmen alimuuliza kutoka kwenye kochi.

"Ningekuja na futi. Nimeambiwa umegoma kula."

"Kila kitu kina ladha ya bati."

"Na Jumapili utasimamaje langoni?"

"Nitasimama."

"Kwa biskuti moja?"

Harmen akageuza uso. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na shati lilikuwa limemwachia nafasi shingoni kama nguo ya kuazima. "Basi nisaidie, daktari," akasema. "Si ndiyo kazi yako? Au unawasaidia wenye masikio tu?"

Aukje akafungua mkoba. "Viwili sasa hivi. Kesho viwili asubuhi, na Jumapili viwili. Siku tatu, basi."

"Ni nini?"

"Vya hamu ya kula. Meza."

Akameza. Tangu utoto dada yake ndiye aliyemtoa miba, aliyemnyoa nywele, aliyemdanganyia mwalimu. Hakuwa na sababu ya kuuliza mara ya pili. Renske alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na taulo mkononi, akasikia kila neno.

Jumamosi Harmen alikula mayai matatu, akaomba na nyama ya moshi. Jumapili asubuhi alinyoa ndevu mwenyewe, akavaa ovaroli safi na viatu vya mbao, akatoka nje kabla ya watu kufika. Walikuja kama mia hivi, watoto wamekalia uzio, wazee wamebebewa viti. Alilivuta lango kwa mkono mmoja. Ng'ombe wa kwanza alisimama, akanusa, halafu akaruka miguu yote minne hewani, na nyuma yake wote tisini wakamwagika, wakikimbia, wakipigana vichwa, wakijitupa majanini. Harmen alicheka mpaka akakohoa. Alimshika Aukje bega akamtikisa. "Muone yule bibi," alisema, akionyesha ng'ombe wa miaka kumi na mbili. "Muone mzee mwenzio anavyoruka."

"Chanjo imeshaanza kazi nini?" jirani mmoja akauliza. "Mbona umenawiri hivi?"

"Bado, bwana. Alhamisi. Hapa ni mimi tu."

Aukje alikwenda nyuma ya banda, akalia kidogo kwa furaha, akafuta macho kwa kiganja, akarudi kunywa kahawa. Alikuwa hajamwona mdogo wake tangu vuli. Alikuwa amemwona mgonjwa tu, kila siku mgonjwa, na siku ile alimwona mwenyewe.

Jumanne saa nne asubuhi alipita kwa Harmen kunywa kahawa, katikati ya mizunguko yake. Simu ikalia. Alikuwa Ilse, muuguzi wa utafiti kule hospitali kubwa, mwenye orodha yake ya maswali ya kabla ya dozi. Harmen akaifungua sauti, akaiweka simu mezani kati ya vikombe.

Homa? Hapana. Kidonda kipya? Hapana. Meno? Meno yapo, yanakula.

"Vizuri sana," alisema Ilse, na alisikika anatabasamu. "Dawa yoyote mpya ndani ya wiki mbili? Hasa hizi za steroidi, prednisolone, deksamethasone?"

"Hakuna. Vidonge vya dada tu, vya hamu ya kula."

"Vinaitwaje?"

Harmen akamgeukia Aukje. "Eti vinaitwaje?"

Aukje akaweka kikombe chini. Alielewa yote kwa mara moja, bila kuusoma ukurasa wa tatu. Renske alikuwa anamtazama, na ndani ya macho yake mlikuwa na ombi wazi kabisa, maana na yeye alikuwa ameisikia sauti ya muuguzi ilivyobadilika. Neno moja lingetosha. Vitamini. Harmen angelirudia, Ilse angeliandika, na Alhamisi sindano ingeingia mkononi. Lakini ingeingia kwenye mwili ambao kinga yake imelazwa, na jina la Harmen lingehesabiwa kati ya wale ambao chanjo haikuwasaidia, na kutokana na hesabu ile ya uongo watu wasiojuana wangekosa dawa au wangepewa isiyofaa. Haya yote aliyafikiri, au baadaye alijiambia kwamba aliyafikiri.

"Deksamethasone," akasema. "Miligramu nane kwa siku, siku tatu. Mara ya mwisho juzi asubuhi."

"Ni nani anayezungumza?"

"Dada yake. Ni mimi daktari wake."

"Ulipata barua yetu, daktari?"

"Niliipata."

Ilse hakumlaumu. Alieleza taratibu, kama watu waliofundishwa kueleza, kwamba dawa hizo huilaza kinga ya mwili, na chanjo inataka kinga iwe macho, na kwamba kanuni inasema siku kumi na nne kamili tangu kidonge cha mwisho. Alhamisi haiwezekani tena. Tarehe mpya itakuwa mbili Mei. Damu itapimwa upya kwanza.

"Kwa hiyo mbwa nimemlisha dawa ya usingizi," alisema Harmen simu ilipokatwa. Hakucheka mtu. Akaangalia nyuso mbili zile za wanawake, akainua mabega. "Basi jamani, wiki mbili. Nimesubiri tisa, hizi mbili zitaniua?"

Jioni hiyo Aukje alimletea Geeske karatasi ya vidonge iliyokatwa, akamwambia aandike vidonge sita, jina la Harmen, tarehe ya Ijumaa. Geeske aliandika. Alipobonyeza, kioo cha kompyuta kikawa chekundu chote: mgonjwa yuko kwenye utafiti, asipewe steroidi ya aina yoyote, piga simu kwanza. Wote wawili wakalisoma onyo lile.

"Nani aliliweka?" Aukje akauliza.

"Mimi, daktari. Mwezi wa pili. Lilikuwa kwenye barua, ukurasa wa tatu."

"Uliisoma yote?"

"Nazisoma zote," alisema Geeske. Hakusema kwa kiburi. "Si lazima mmoja wetu azisome?"

Zile siku kumi na nne Aukje alizihesabu kuliko mtu yeyote. Vidonge vilipoisha mwilini Harmen aliporomoka, kama wanavyoporomoka wote. Mayai yalirudi jikoni hayajaguswa. Kila siku Aukje alipita na baiskeli, mkoba umefungwa, akakaa kwenye kiti kando ya kochi bila la kufanya. Alimletea supu ya mbaazi ya dada mkubwa, nzito ya kusimamisha kijiko, na Harmen akailamba kwa ncha ya ulimi, kwa heshima. Aukje alikuwa analiogopa ini lake. Kila alipomshika mkono kumsalimia, alikuwa anaipeleleza ngozi kama imeanza unjano.

Tarehe ishirini na saba, siku ya kuzaliwa kwa mfalme, bendera zilitundikwa kila nyumba, na watoto walipita barabarani wamejipaka rangi ya machungwa usoni. Renske alifungua pazia ili Harmen aione bendi ya kijiji ikipita. Jua lilimpiga usoni, na macho yake yalikuwa ya njano.

Aukje alikuja ndani ya dakika saba. Alimvuta kope chini, akatazama, akamwachia. "Tutapima damu Jumatatu," akasema, ingawa damu haikuwa na jipya la kumwambia.

Jumanne walikwenda wote watatu hospitali kubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Daktari wa utafiti alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alikaa karibu nao, si nyuma ya meza. Alisema ini limevuka kiwango mara mbili na nusu. Alisema kanuni haziruhusu. Alisema anasikitika, na alisikitika kweli.

"Chanjo yenyewe ipo?" Renske akauliza.

"Ipo."

"Wapi?"

"Kwenye friza, ghorofa ya chini."

"Ni yake?"

"Ni yake."

"Mnaweza kumpa mtu mwingine?"

"Hapana. Haimfai mwingine."

"Basi mpeni yeye." Renske alisema kwa utulivu, kama anayemwonyesha mtoto mahali kitu kilipo. "Si ipo? Na ni yake? Na mwingine haimfai? Mpeni."

Daktari kijana alieleza tena. Utafiti ule ulikuwa na watu arobaini, na mmoja akipewa nje ya kanuni, wote wanaweza kusimamishwa. Na ini la namna hii linaweza kushindwa kabisa baada ya sindano. Harmen alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo Aukje akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake.

"Tarehe kumi na nane, ini lake lingekubalika?"

Daktari aligeukia kompyuta, akaangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Vipimo vya tarehe tisa vilikuwa ndani ya kiwango," akasema.

"Na chanjo ingemsaidia?"

"Hatujui. Kwa baadhi inafanya kazi. Kwa wengi, bado. Ndiyo maana tunatafiti." Kisha akaongeza, kwa daktari mwenzake, kwa sauti ya chini, "Usijibebeshe jambo ambalo hata sisi hatulijui."

Ilikuwa kauli ya wema, na Aukje angeona afadhali atukanwe. Kama angeambiwa kwamba chanjo ile isingefua dafu, angelala. Kama angeambiwa ingemponya, angejua la kulia. Alipewa jibu lisilo jibu, akae nalo.

Kwenye maegesho ya magari, Harmen alipokuwa ameshaingia ndani na kufunga macho, Renske alimshika Aukje mkono wa koti.

"Ungesema vitamini," akasema.

"Renske, dawa ilikuwa mwilini tayari. Hata ningedanganya—"

"Huenda. Hujui. Na wao wamesema hawajui." Hakuwa anafoka. "Ijumaa alihitaji daktari, ukaja kama dada. Jumanne alihitaji dada, ukawa daktari. Wifi, mimi nakupenda, lakini ulivipishanisha. Nitakusamehe, ila si mwaka huu."

Aukje alikaa kiti cha nyuma njia nzima, akitazama kisogo cha mdogo wake kikiyumba kwenye kona.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Renske wala Geeske wala mtu yeyote. Ile Jumamosi, siku ya mayai matatu, alipokuwa akirudi kwa baiskeli kando ya tuta, wazo lilimjia. Lilikuja wazi, kwa maneno: steroidi hulaza kinga, na Alhamisi ni chanjo. Alikuwa anajua, alijua siku zote, kitu hicho hujulikana na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Alilichukua wazo lile mwendo wa nguzo mbili za umeme. Halafu akajiambia siku tatu tu, vidonge vidogo, na atakwenda kwenye sindano akiwa na nguvu. Ukweli ni kwamba alikuwa bado anakisikia kicheko cha Harmen jikoni, na hakutaka kipokonywe kabla ya Jumapili. Angepiga simu siku ile, ingekuwa kidonge cha mwisho hakijamezwa. Pengine wangempangia tarehe ya karibu zaidi, pengine siku moja, pengine isingebadilisha kitu. Hakupiga. Alijutia hilo kuliko ukurasa wa tatu, kwa sababu ukurasa wa tatu ulikuwa uzembe, na uzembe una watu wengi.

Katikati ya Mei kitanda cha Harmen kiliwekwa sebuleni, mbele ya dirisha kubwa. Renske alikuwa bandani na mkamuaji wa kusaidia. Aukje akaja saa tisa alasiri, akavuta kiti, na kwa kuwa hakuweza kukaa nalo tena, akamsimulia Harmen habari ya Jumamosi na nguzo mbili za umeme. Alisimulia bila kujipamba. Alipomaliza, Harmen aligeuza uso wake wa njano juu ya mto, akamtazama.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua kidogo."

"Kujua kidogo ndiko kukoje?"

"Nilijua."

Harmen akaitikia kwa kichwa. Nje mitamba ilikuwa inalamba nguzo ya uzio.

"Ningekuuliza Ijumaa ile," alisema Aukje. "Ningekwambia chagua, siku ya ng'ombe au Alhamisi. Ungechagua nini?"

"Unataka niseme ng'ombe."

"Nataka useme kweli."

"Chanjo," alisema Harmen. "Ningechagua chanjo, dada. Ng'ombe ningewatazama kutoka hapa dirishani, lango angefungua Renske. Mtu gani angechagua ng'ombe?" Akapumzika, maana maneno mengi yalimchosha. "Ila Jumapili ile ilikuwa nzuri. Hilo nalo kweli. Usije ukaniharibia na hiyo kwa kulia."

Aukje alikuwa analia tayari, akaacha.

"Vile vidonge unavyo?" Harmen akauliza.

"Vipo."

"Niletee tena. Mpwa wake Renske anakuja Jumapili na mtoto mchanga, sitaki nimpokee nikiwa gogo. Sasa hivi si haviharibu kitu?"

Aukje akafungua mkoba. Karatasi hii ilikuwa imeandikwa kwenye kompyuta asubuhi hiyo hiyo, kwa mkono wa Geeske, kama atahitaji. Hakumkabidhi. Aliishika mapajani, akaketi wima, akamweleza kama anavyomweleza mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza.

"Inaitwa deksamethasone. Ni steroidi. Itakurudishia hamu ya kula na nguvu kidogo, kwa wiki moja, labda mbili. Haitakuongezea siku. Itakuvuruga usingizi, na inaweza kukupandisha sukari. Inalaza kinga ya mwili, kwa hiyo ukiwa nayo hakuna chanjo wala dripu ya kinga itakayofanya kazi, na ukipata homa lazima mniite haraka. Ukiacha ghafla utaanguka kama ulivyoanguka mwezi uliopita. Unaweza kukataa. Unaweza kunijibu kesho. Una swali?"

Harmen alikuwa amemsikiliza bila kumkatiza, akitupa jicho mara moja kwenye saa ya ukutani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Dakika mbili," alisema Harmen. "Hata hazijafika. Ijumaa ile ungezipata." Akanyoosha mkono apewe maji.